Siku tatu kwa mama ntilie wa Kipawa, nikihesabu ndege za shule

Mwezi Juni nilimwachia mdogo wangu duka siku tatu: Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Kila siku nilifika Kipawa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikakaa kwenye banda la mama ntilie ambaye meza zake zinatazama upande wa uwanja wa ndege. Nikaagiza chai ya rangi na chapati mbili, nikafungua daftari la hesabu za dukani kurasa za nyuma, nikachora safu mbili. Nilikuwa natafuta shule ya kujifunzia urubani, na zilibaki mbili: safu moja ya shule ya kwanza, safu nyingine ya shule ya pili. Kila ndege ndogo yenye rangi za shule mojawapo ilipopaa, nilitia alama na kuandika saa. Picha sikupiga hata moja, maana uwanja wa ndege si mahali pa kunyoosha simu ovyo.

Siku ya kwanza mama ntilie hakuuliza kitu. Siku ya pili akataka kujua kama nimetumwa na serikali. Siku ya tatu alikuwa ananiitia mwenyewe: "Dada, ile ya mstari mwekundu imepita ulipokwenda kununua vocha, iandike."

Hesabu ya siku zote tatu ilitoka hivi. Shule ya kwanza, yenye ofisi ya viyoyozi na ndege mbili zinazong'aa, ilipaa mara 4. Shule ya pili, yenye Cessna 172 tatu za zamani ambazo rangi imepauka kwenye mabawa, ilipaa mara 23. Nilikuwa nimeshazitembelea zote mbili, na kabla ya kukaa pale Kipawa moyo wangu ulikuwa kwa ile ya kwanza.

Naandika haya kwa sababu tangu niweke mtandaoni picha ya daftari langu la mazoezi ya kuruka, watu wengi wameniuliza, wengi wao kina dada: shule gani nichague? Jina la shule sitoi. Ninachoweza kutoa ni namna nilivyochagua, pamoja na sababu iliyonifanya nihesabu ndege kama karani wa bandarini.

Mimi nauza vipuri vya magari Gerezani. Duka lilikuwa la baba, na nimekaa kaunta yake miaka 15 sasa. Utoto wangu ulikuwa Kipawa, kabla watu hawajahamishwa kupisha upanuzi wa uwanja. Nyumba yetu ilikuwa karibu kiasi kwamba Boeing 737 ya zamani ya Air Tanzania ikipita, vikombe vililia kabatini. Baba alitufundisha kuzijua injini kwa sauti, kwanza za magari, kisha za ndege. Tulikuwa tunafumba macho uani, anatuuliza: hiyo inapaa au inatua? Ina propela au haina? Nilikuwa na miaka minane nilipomwambia kwamba mimi nitaendesha moja. Hakucheka. Alisema, "Basi ujue hesabu." Hilo ndilo jibu nililokwenda nalo shuleni, na ndilo lililonirudia miaka yote ya kuuza plagi na pampu za maji.

Miaka miwili iliyopita nilijiandikisha kwa mara ya kwanza. Shule ile haikuwa hapa Dar, na jina lake silitaji. Walinipa punguzo la asilimia 10 endapo ningelipa saa zote 40 kwa mpigo. Nikalipa. Shule ilikuwa na ndege moja inayoruka na nyingine imekaa kwenye matofali, bila injini. Ndani ya miezi mitano niliruka saa 7 na dakika 20. Kisha silinda ya ile ndege moja ikapata ufa, nikaambiwa kipuri kimeagizwa nje. Mwalimu akapata kazi kwenye kampuni ya ndege akaondoka, jambo ambalo simlaumu. Nilipodai salio, nikaonyeshwa fomu niliyosaini. Haikuwa na mstari hata mmoja unaosema pesa inarudije. Mimi dukani kwangu, mteja akitaka kipuri cha kuagiza Dubai au Japani, nachukua nusu na kumwandikia risiti yenye tarehe ya mzigo kufika. Nililia sana, si kwa sababu ya pesa peke yake. Nililia kwa sababu kazi yangu ilishanifundisha jambo lile na sikulitumia.

Kwa hiyo jambo la kwanza: usilipe saa 40 kwa mpigo, hata wakikupa punguzo la kukutoa udenda. Shule ninayosoma sasa nalipa saa tano tano. Zikiisha, nalipa nyingine. Na mkataba una kifungu cha marejesho kilichoandikwa siku ngapi.

Hiyo namba 40 yenyewe inahitaji maelezo, maana inawapoteza wengi. Viwango vya kimataifa vya shirika la usafiri wa anga, ICAO, vinasema leseni ya rubani binafsi, ile tunayoiita PPL, haitolewi kwa mtu aliyeruka chini ya saa 40, au 35 kama ni kozi iliyoidhinishwa. Uwe umefika miaka 17. Ndani ya hizo saa, 10 uruke peke yako bila mwalimu, na katika hizo 10, tano ziwe za safari ya mbali. Safari mojawapo lazima ifike kilomita 270, ukitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kwa sisi wa Dar ni kama kupaa hapa, ukatua Tanga, ukatua Zanzibar, ukarudi nyumbani. Nimeichora njia hiyo kwenye ramani mara nyingi mno.

Lakini 40 ni sakafu. Wengi huvuka 50, wengine 60, kwa sababu mtu anayefanya kazi haruki kila siku. Kwa hiyo shule ikikupa bei ya saa 40, chukua bei yao ya saa moja uzidishe kwa 60, ndipo ulale usiku mmoja na hiyo namba. Tuseme saa ni dola 200. Kwa 40 ni dola 8,000. Kwa 60 ni dola 12,000, na hapo hujaweka mitihani, ramani, vitabu, kipimo cha afya na nauli. Ofisi ya viyoyozi ilinipa karatasi nzuri ya rangi yenye namba ya 40. Ile ya pili, msichana wa mapokezi aliniuliza, "Dada unaweza kuja mara ngapi kwa wiki?" Nikasema mara mbili. Akaandika makadirio ya saa 55. Niliona uchungu kuiona ile namba, lakini nilijua naongea na mtu mkweli.

Na ndiyo maana nilihesabu ndege. Ukiruka mara mbili kwa wiki, mwili unakumbuka. Mkono unajua usukani ulivyo mzito wakati wa kuinua pua, jicho linajua njia ya kutua inavyotakiwa kuonekana. Ukiruka mara moja kwa mwezi, nusu ya kila somo unarudia lililopita, na unalilipia tena. Ndege isiyoruka haikufundishi, hata iwe mpya namna gani. Zile mbili zinazong'aa zilikuwa na skrini kubwa mbele badala ya saa za duara, na kweli nilizipenda. Baadaye nikajua kwamba moja ilikuwa inasubiri kifaa cha hiyo hiyo skrini, na nyingine ilikuwa ikigombaniwa na wanafunzi zaidi ya ishirini.

Maswali niliyouliza kote kuwili yalikuwa haya, na niliyauliza nikiwa nimekaa, kalamu mkononi: Leo hii, asubuhi hii, ndege ngapi zinaweza kuruka? Wanafunzi wanaoruka kweli ni wangapi? Walimu ni wangapi, na kila mmoja ana muda gani hapa? Mwalimu wangu akiondoka, nani ananipokea na saa za kuzoeana naye nalipa nani? Cheti cha idhini kutoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, kinaisha lini, naomba nikione. Nikipinda propela wakati wa kutua, bima inalipa kiasi gani na mimi natakiwa kulipa kiasi gani? Hilo la mwisho, ofisi ya kwanza walisema haijawahi kutokea. Ofisi ya pili walifungua faili la bima wakanionyesha mstari wenyewe.

Omba pia kuonana na mwanafunzi aliyeacha, maana aliyemaliza ataisifu shule yoyote. Mimi nilimpata mmoja kupitia kijana wa bodaboda anayewabeba. Aliacha kwa sababu ya pesa zake mwenyewe, akaniambia salio lake lilirudi baada ya wiki tatu. Taarifa hiyo kwangu ilikuwa nzito kuliko karatasi zote za rangi.

Sasa nije kwa fundi, ambako ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Nilimwomba mkuu wa shule ya pili nione hanga, banda la kutengenezea ndege. Alikubali papo hapo, akanipa kizibao cha njano. Ndani kulikuwa na Cessna moja imevuliwa kifuniko cha injini, na mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Umekuja kuruka au umekuja kununua ndege?" Nikamwambia nimekuja kusikiliza injini, na kwamba nauza vipuri Gerezani. Akaweka spana chini. Toka hapo tuliongea kama watu wa ukoo mmoja.

Alikuwa ametoa filta ya oili. Dukani kwangu filta kuukuu inatupwa. Yeye aliikata kwa kifaa maalumu kama anafungua kopo la samaki, akachomoa ile karatasi iliyokunjwa kunjwa ndani, akaitandaza juu ya kitambaa cheupe, akaipitisha polepole chini ya taa. Anatafuta chembe za chuma. Chembe zikionekana, kuna kitu ndani kinasagika, na injini haitaruka mpaka kijulikane. Kila saa 50 anabadilisha oili na kufanya hivyo, na kila saa 100 ndege inafunguliwa ukaguzi mkubwa. Aliniambia hivyo bila kuonyesha kwamba ni jambo la ajabu.

Kisha akaniletea vitabu. Kila ndege ina kitabu cha mwili wake na kitabu cha injini, kama gari lingekuwa na daftari la kila gasketi iliyowahi kubadilishwa tangu litoke kiwandani. Nilisoma kurasa za nyuma. Injini ile, Lycoming O-320 ya silinda nne, mtengenezaji anashauri ifanyiwe ukarabati kamili ikifika saa 2,000. Ilikuwa na saa 1,310. Vipimo vya kompresheni, yaani silinda inavyoshikilia hewa, vilikuwa vimeandikwa silinda kwa silinda: 76 juu ya 80, 75 juu ya 80, 77, 74. Mwaka uliopita kulikuwa na silinda moja iliyosoma 62, na mstari uliofuata ulionyesha imetolewa, valvu imechongwa, imerudishwa, imesoma 75. Tarehe, saa za injini, saini. Nikapekua kurasa za miaka mitatu nikitafuta pengo, mahali ambapo ndege imeruka saa nyingi na hakuna aliyeandika kitu. Sikulipata.

Rangi ya mabawa imepauka, ndiyo. Viti vimeshonwa upya kwa ngozi ya bandia isiyolingana. Lakini mimi ni mtu wa vipuri. Gari lililopakwa rangi jana naliogopa zaidi kuliko gari kuukuu lenye risiti za mafundi. Nilipoomba vitabu kule shule ya kwanza, niliambiwa mhusika hayupo. Nikarudi siku nyingine, hayupo.

Mzee aliniambia jambo moja ambalo nimelibeba: ukitaka kujua shule, tazama nani anaogopwa. Shule ambayo fundi akisema ndege hairuki na mkuu wa shule ananyamaza, soma hapo. Nilidhani ni maneno ya mtu anayejipenda. Nitaeleza mwishoni kwa nini sidhani hivyo tena.

Kuhusu kujifunzia Dar yenyewe, watu husema ni ghali kwa sababu uwanja una shughuli nyingi. Kuna ukweli. Pale Uwanja wa Julius Nyerere, Cessna yako ndogo inapanga foleni pamoja na Airbus na Boeing za Air Tanzania, ATR za Precision Air na zile Caravan za Zanzibar. Ndege kubwa ikipaa huacha hewa iliyochafuka nyuma ya mabawa, inayoweza kuipindua ndege nyepesi, kwa hiyo mnara wa kuongozea ndege unakusubirisha dakika mbili au tatu. Wewe umekaa, injini inaunguruma. Uliza basi shule inahesabu saa zako kwa kipimo gani. Kile kiitwacho Hobbs huhesabu dakika zote tangu injini iwake, foleni ikiwemo. Kipimo cha mizunguko ya injini huenda taratibu injini ikiwa haijaongezwa nguvu, kwa hiyo foleni inakugharimu kidogo. Bei mbili zinazofanana kwenye karatasi zinaweza kutofautiana sana mwisho wa mwezi kwa sababu ya hilo peke yake. Uliza pia kama mafuta yamo ndani ya bei, maana ndege hii inakunywa lita 30 na kitu kwa saa, na mafuta yake si ya sheli ya kawaida.

Lakini foleni hiyo pia ni shule. Nimejifunza kuongea na mnara huku ndege za abiria zikisikika masikioni, na mazungumzo yote ni kwa Kiingereza chao maalumu, kifupi kama telegramu. Rafiki yangu alijifunzia kwenye kiwanja kitulivu huko Afrika Kusini. Leseni alipata haraka, ila aliporudi ilibidi apitie taratibu za TCAA ili leseni ile itambulike hapa, na redio ya Dar ikamtisha mwezi mzima. Nairobi, uwanja wa Wilson, shule zipo nyingi na nilikwenda kutazama. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyembamba, injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu yake kabla hujaondoka chini. Mwanafunzi wa kule anajifunza mapema kuheshimu urefu wa njia ya kurukia. Sisi huku, uwanja uko chini ya mita 60, ndege inapaa kwa furaha, na ni rahisi kusahau kwamba Dodoma au Arusha haitapaa hivyo. Kama ningekuwa na miaka 20 na bila duka, huenda ningetazama pia Soroti, Uganda, ile shule iliyoanzishwa 1971 enzi za Jumuiya ya zamani. Lakini nina duka, na mama yangu yuko Kitunda. Shule nzuri ambayo siwezi kufika mara mbili kwa wiki si shule yangu.

Pepo nazo zina mchango wake. Wavuvi wa Feri wanajua kaskazi na kusi kabla hatujazaliwa sisi wa ndege. Njia kuu ya kurukia hapa imeandikwa 05 upande mmoja na 23 upande mwingine, maana yake nyuzi 50 na nyuzi 230 za dira. Kaskazi ikivuma inakuja karibu sawasawa na pua ya ndege, na mwanafunzi anajiona hodari. Kusi inakuja ubavuni. Mimi nilianza Juni, kwenye kusi, na mwalimu wangu alisema ni bahati: utajifunza kutua kwa shida kwanza. Mafunzo yetu tunapanga asubuhi, kabla joto halijachemsha hewa juu ya mabati ya Vingunguti.

(Usichanganywe na saa. Somo la saa moja asubuhi ni 07:00 kwenye simu yako na 04:00 kwenye karatasi za ndege, kwa sababu anga lote duniani linatumia saa ya Greenwich. Mara ya kwanza nilifika saa kumi alfajiri. Mlinzi alinipa kiti.)

Kabla ya kulipa popote, nenda kapime afya kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA. Daraja la pili linatosha kwa PPL: macho, masikio, moyo, kutofautisha rangi. Kama hujafika miaka 40 linadumu miezi 60. Nimeona kijana aliyelipa kwanza, akagundua baadaye kwamba hatofautishi nyekundu na kijani.

Na omba somo moja la majaribio, ulilipie, uruke na mwalimu atakayekufundisha, si mkuu wa shule. Langu lilianza chini. Mwalimu wangu ni binti wa miaka 27, mtulivu, sauti ndogo. Alinipa kikombe cha plastiki angavu, tukachota mafuta kidogo chini ya kila tangi. Tukayainua kwenye mwanga: yawe ya buluu, na kusiwe na tone limekaa chini, kwa sababu maji ni mazito kuliko mafuta. Nikamwambia Gerezani nimeona injini ngapi zimekufa kwa maji kwenye petroli. Akasema, "Basi dada hapa hutasahau kamwe." Na sijasahau.

Juu ya Kigamboni, daraja likiwa dogo kama rula chini ya bawa, alipunguza nguvu tuanze kushuka, na kabla ya kupunguza akavuta kifundo kimoja. Nikauliza. "Joto la kabureta. Barafu." Nikamtazama. Nje ilikuwa nyuzi 28, nguo zimenilowa jasho mgongoni. Akanieleza bila haraka, huku akiendesha: mafuta yakigeuka mvuke ndani ya kabureta na hewa ikipita kwa kasi pale penye koo jembamba, joto linashuka kwa nyuzi 20 na zaidi, na unyevu wa pwani yetu unaganda. Barafu inaziba koo la kabureta na injini inakata pumzi. Dar es Salaam, kwenye joto hili. Nimeuza kabureta miaka 15 na sikuwahi kulijua. Nilipomuuliza swali la pili alijibu, la tatu akasema, "Hilo sina uhakika, tukishuka tutamuuliza mzee." Tulipotua alimuuliza kweli, mimi nikiwa nimesimama pale. Nilijiandikisha siku hiyohiyo, nikalipa saa tano.

Sasa nina saa 19 za shule hii, na bado sijaruka peke yangu. Mwalimu anasema karibu.

Wiki iliyopita, Alhamisi, nilifika saa kumi na mbili na nusu nikiwa nimesoma somo zima la kutua bila injini. Anga safi, Milima ya Pugu inaonekana hadi miti. Tukakagua ndege, tukawasha, tukaisogeza hadi mahali pa kujaribu injini. Injini ya ndege ina magneto mbili, vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, na kila silinda ina plagi mbili, na kabla ya kuruka unazima magneto moja, kisha nyingine, ukitazama mizunguko inashuka kiasi gani. Ya kushoto ilishuka kidogo, sawa. Ya kulia ilishuka zaidi ya kiwango na injini ikaanza kutetemeka kama bajaji yenye plagi chafu. Mwalimu akajaribu kuisafisha kwa kuongeza nguvu, akarudia. Ikatetemeka tena. Akaomba mnara ruhusa ya kurudi.

Mkuu wa shule alikuwa nje, ana wageni wawili waliokuja kutazama shule, na wanafunzi wengine wanne walikuwa kwenye orodha ya ndege hiyo siku hiyo. Mzee akafungua kifuniko, akagusa waya mmoja, akasema neno moja: "Hairuki." Mkuu akatazama saa yake, akatazama wageni, akaingia ndani kupiga simu kwa wale wanne mmoja mmoja. Sikusikia akimuuliza mzee hata kama inawezekana kwa safari moja tu.

Dakika za Hobbs za asubuhi ile hawakunitoza. Nilibaki hadi saa nne nikimshikia mzee taa. Zilikuwa plagi mbili za chini zimejaa uchafu wa risasi, ile madini iliyomo kwenye mafuta ya ndege, na waya mmoja wa magneto ngozi yake imechubuka ilipogusana na bomba. Akabadilisha, tukajaribu, ikashuka sawa. Ndipo akavuta kitabu cha injini, akaandika tarehe, saa za injini, alichotoa, alichoweka, akasaini. Akanigeuzia kitabu nisome mstari wake kabla hakijafungwa.

Nikasoma, nikamrudishia kalamu, nikapanda daladala ya Kariakoo kwenda kufungua duka.